Mwenye Gazeti Ajulikane kwa Msomaji

 Msikilizaji, kama una gazeti karibu, hata lile la juzi lililofungiwa vitumbua, lichukue uligeuze mpaka ukurasa wa mwisho. Angalia chini kabisa. Pana mstari wa herufi ndogo unaotaja aliyelichapa gazeti, aliyelitoa, na namba ya sanduku la posta. Wengi wetu hatuusomi. Jioni hii naomba tuusome pamoja, kwa sababu mstari huo umewapeleka watu mahakamani na wengine gerezani, na kwa sababu lipo swali moja ambalo haulijibu hata ukiusoma kwa miwani: gazeti hili ni la nani?

Sheria nayo inataka kujua. Tanzania Bara, kwa miaka 40, mlango wa kuanzisha gazeti ulikuwa Sheria ya Magazeti ya 1976. Mtu aliyetaka kutoa gazeti alipeleka kwa Msajili wa Magazeti hati ya kiapo. Ndani yake aliandika jina la gazeti, mahali linapochapwa, na majina na makazi ya mwenye mali, ya mchapaji na ya mtoaji. Msajili aliyaingiza hayo katika daftari lake, na nakala za gazeti likitoka zilipelekwa kwake. Zanzibar ina sheria yake yenyewe, Namba 5 ya 1988, inayoshika usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu. Kenya wanayo Sheria ya Vitabu na Magazeti, iliyotungwa wakati mkoloni yuko njiani kuondoka, na bado wanaitumia.

Mzizi wa sheria hizi uko Uingereza. Mwaka 1819 Bunge la huko lilipitisha sheria kali dhidi ya magazeti ya bei ndogo yaliyokuwa yakisomwa na wafanyakazi. Mtoaji alitakiwa kuweka dhamana ya pauni 300 akiwa London, na pauni 200 akiwa nje ya London, kabla hajatoa hata nakala moja. Tena kulikuwa na ushuru wa stempu wa peni 4 kwa kila nakala. Wakubwa walisema fedha hizo ni za kulipia faini endapo gazeti litakashifu mtu. Lakini tajiri aliweza kuziweka na maskini hakuweza, na maskini ndiye aliyekuwa na maneno mabaya ya kusema juu ya serikali. Dhamana hiyo ilikuja kuondolewa Uingereza mwaka 1869. Kwetu ndiyo kwanza ikaja.

Tanganyika ilipata Sheria ya Magazeti ya kikoloni mwaka 1928. Miaka tisa baadaye, mwaka 1937, mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu. Hilo lilikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili nchini kumilikiwa na Mwafrika mwenyewe. Serikali ilikuwa na Mambo Leo lake tangu 1923, wamisionari walikuwa na yao. Fiah alikuwa na fedha za duka, wasomaji wachache waliolipa kwa kuchelewa, na jina lake mwenyewe lililojulikana na kila mtu. Aliposema Waafrika wanalipwa vibaya, serikali ilijua imtafute mtaa gani.

Mwaka 1958 ikawa zamu ya Julius Nyerere. Alikuwa akihariri Sauti ya TANU, jarida la kurasa chache za kurudufu, na humo aliandika maneno makali juu ya mabwana shauri wawili wa wilaya. Akashtakiwa kwa kashfa ya jinai. Hakimu akamwambia alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi 6. Faini ikalipwa. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na mwenzake, walifungwa kwa makala ambayo serikali iliyaita ya uchochezi.

Nimewataja hawa kwa makusudi. Walikuwa watu wenye majina, na majina yao yaliwekwa wazi kwa msomaji kama yalivyowekwa wazi kwa serikali. Msomaji wa Sauti ya TANU alijua anasoma maneno ya nani, na mkulima aliyesomewa Kwetu barazani alijua gazeti ni la Fiah mwenye duka. Naomba ulishike hilo, maana nitalirudia.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya waandishi wenzangu hawapendi kulisikia. Mimi nakubaliana na usajili. Gazeti linaweza kumvunjia mtu ndoa, biashara na heshima kwa siku moja. Aliyechafuliwa anahitaji mlango wa kubisha hodi, na mahakama inahitaji jina la kuandika kwenye hati ya wito. Tumeyaona magazeti yanayochipuka miezi michache kabla ya uchaguzi, yanatukana upande mmoja, halafu kura zikihesabiwa yanapotea, na ukienda kwenye ofisi iliyotajwa unakuta fundi cherehani ambaye hajawahi kuwasikia watu hao. Asiyetaka kuitia jina lake kazi yake asilalamike akitakiwa kuitia. Kwa hiyo nani mwenye gazeti, nani mhariri, wanapatikana wapi: haya ni maswali ya haki, na sheria ikiyauliza inafanya kazi yake.

Tatizo linaanza pale majibu ya maswali hayo yanapogeuzwa kuwa kamba ya shingoni.

Twende Kenya mwaka 1988. Mwaka ule walipiga kura za mchujo kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mgombea, kweupe, mbele ya chifu na mbele ya jirani. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kurudi kwa wananchi kwa kura ya siri. Watu waliona mistari mirefu ikishindwa na mistari mifupi. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Makanisa nchini humo, lilichapisha toleo lililoeleza wizi huo. Serikali ikalipiga marufuku. Kisha mhariri wake, Bedan Mbugua, akapelekwa mahakamani.

Sikiliza alishtakiwa kwa nini. Hakushtakiwa kwa uongo. Hakuna aliyesimama kizimbani kuthibitisha kwamba mistari mifupi ilikuwa mirefu. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Vitabu na Magazeti kwamba hakupeleka kwa Msajili taarifa ya mauzo ya jarida. Karatasi ya hesabu! Akahukumiwa kifungo cha miezi 9. Watoaji wangapi Nairobi walikuwa wamechelewesha karatasi hiyo miaka yote na hakuna aliyewauliza? Hapo ndipo penye hatari ya masharti yaliyolundikwa kwenye usajili. Mengi yanalala usingizi kwenye kabati, hakuna anayeyafuata wala anayeyadai, mpaka siku gazeti linapoandika jambo linalouma. Siku hiyo afisa anafungua kabati, na ndani hakosi kosa.

Kenya haikuishia hapo. Mwaka 2002, wakati utawala wa Rais Moi ukielekea mwisho, sheria hiyo ilirekebishwa na dhamana ya kuanzisha gazeti ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni 1 za Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia vijarida vya udaku vilivyokuwa vikiuzwa kwenye makutano ya barabara za Nairobi. Mtoaji asiyetimiza masharti aliwekewa faini ya hadi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3. Na muuzaji naye, yule kijana anayekimbia kati ya magari na bunda la magazeti mkononi, akiuza gazeti lisilo na dhamana aliwekewa faini ya hadi shilingi 20,000 au jela miezi 6. Kijana huyo atajuaje kama mwenye gazeti ameweka dhamana kwa Msajili? Hana daftari, hana simu ya Msajili, ana faida ya shilingi chache kwa nakala. Januari 2004, chini ya serikali mpya iliyoingia kwa ahadi za uhuru, polisi waliwapitia wauzaji mitaani na kuzoa vijarida kwa maelfu. Nyumba kubwa za magazeti hazikuumia, maana milioni 1 kwao ni hela ya karatasi. Ni hesabu ileile ya London ya 1819.

Turudi nyumbani. Januari 2015 Idara ya Habari ililiandikia gazeti la The EastAfrican, linalochapishwa Nairobi, kwamba lisimamishe usambazaji nchini kwa kuwa halikusajiliwa kwa mujibu wa sheria ya 1976. Gazeti hilo lilikuwapo tangu 1994. Kwa miaka takriban 20 liliuzwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, likakaa kwenye meza za ofisi za serikali yenyewe, likabeba matangazo ya mashirika ya umma. Ikiwa usajili ni jambo la usalama wa nchi, tulilindwaje miaka yote hiyo? Na ikiwa si hivyo, kwa nini lisipewe mwezi mmoja likamilishe karatasi zake huku likiendelea kuuzwa?

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2016, gazeti la Mawio lilifutwa kwenye daftari la magazeti kwa amri ya waziri wa habari, Nape Nnauye. Halikusimamishwa wiki mbili, lilifutwa, likakatazwa hata kutoka mtandaoni. Wenyewe wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikatengua amri hiyo. Likarudi, na mwezi Juni 2017 likafungiwa tena, mara hii miezi 24. Mseto nalo lilifungiwa mwaka 2016 kwa miaka 3, na Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ikasema mwaka 2018 kwamba kufungiwa huko kulikuwa kinyume cha mkataba wa jumuiya. Februari 2022 magazeti manne, Mawio, Mseto, MwanaHalisi na Tanzania Daima, yaliruhusiwa kurudi. Aliyetangaza ni waziri yuleyule, Nape Nnauye, akiwa amerudi wizarani. Nilifurahi, kama walivyofurahi wasomaji wengi. Lakini fikiria, msikilizaji: gazeti limekufa kwa kalamu ya mtu mmoja na limefufuka kwa kalamu hiyohiyo, na katikati wametawanyika waandishi, wapiga picha, madereva na wauzaji ambao hakuna aliyewalipa miaka ile. Gazeti lililonyamazishwa miaka mitano haliwi tena gazeti lile. Wasomaji wamezoea kingine, watangazaji wameondoka, mashine zimeuzwa.

Kabla ya hapo sheria yenyewe ilikuwa imebadilika. Novemba 2016 Rais Magufuli alitia saini Sheria ya Huduma za Habari. Ile ya 1976 ikafutwa, na wengi tulikuwa tumeililia ifutwe. Lakini usajili wa mara moja ukageuka leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Agosti 2017 magazeti na majarida yote, hata yaliyokuwa na umri wa miaka 30, yaliambiwa yaombe leseni upya kabla ya tarehe 15 Oktoba. Kutoa gazeti bila leseni, kwa sheria hiyo ilivyopitishwa, adhabu yake ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 5. Na anayetoa leseni ni Mkurugenzi wa Idara ya Habari, ambaye amekuwa pia msemaji wa serikali. Mwezi Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, ofisi hiyo ilifuta leseni ya Tanzania Daima, gazeti lililofahamika kuwa na uhusiano na Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema. Sitaki kuingia katika ubaya au uzuri wa habari walizoandika. Nauliza swali la utaratibu tu: inakuwaje mtu anayeisemea serikali ndiye aamue nani aendelee kuiandika serikali?

Mtoto akizaliwa tunamwandikisha, anapewa cheti, na hakuna mzazi anayeambiwa akihuishe cheti hicho kila Januari la sivyo mtoto asiendelee kuishi. Gazeti liandikishwe kwa namna hiyo. Liwe na jina, wazazi wanaojulikana, na mahali linapokaa. Likikosa, lishtakiwe kama mtu mzima anavyoshtakiwa, kwa kosa alilolitenda, mbele ya hakimu.

Na leseni hii inamwangukia nani zaidi? Chukua mwalimu mstaafu wa Mtwara anayetaka kutoa gazeti dogo la kila wiki juu ya korosho: bei ya mnada wa leo, chama cha msingi kilichochelewa kulipa, ghala lililovuja. Kwanza aandikishe kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa makampuni. Apate namba ya mlipakodi. Atafute mhariri na waandishi wenye stashahada, maana sheria mpya inadai vyeti, na mwenye stashahada ya uandishi akiipata hakai sana Mtwara. Atafute mchapaji, na mitambo mikubwa iko Dar es Salaam. Akusanye wasifu, vyeti, anuani na ada, asubiri. Akishapata leseni aanze kuhesabu miezi. Kampuni yenye mwanasheria wake inayafanya haya kwa barua pepe. Yule mwalimu atachoka, na wakulima watabaki wakisikia bei ya korosho kutoka kwa mnunuzi.

Sasa nirudi kwenye lile nililoomba ulishike. Pamoja na viapo vyote, fomu zote na daftari lote, msomaji amepata nini? Serikali inamjua mwenye gazeti. Msajili anamjua. Mimi na wewe tuliolinunua hatumjui. Tunaambiwa limetolewa na kampuni yenye jina la mnyama au la nyota. Nyuma ya kampuni pana wanahisa, na nyuma ya mwanahisa mmoja pana kampuni nyingine. Huenda mwenye hisa nyingi ni mkandarasi wa barabara ile ambayo gazeti halijawahi kuiandika ingawa imebomoka kwa mvua ya kwanza. Huenda ni mbunge, au mdai wa shamba ambalo gazeti linawaita wanakijiji wake wavamizi. Simsemi mtu yeyote. Nasema hatuna njia rahisi ya kujua. Tangu 2020 sheria yetu ya kampuni inadai mmiliki wa kweli atajwe kwa msajili wa makampuni, na Kenya nao wameweka kanuni kama hizo. Lakini habari hizo zimewekwa zaidi kwa ajili ya vyombo vya dola. Mwananchi aliyesimama mbele ya meza ya magazeti Kariakoo bado yuko gizani.

Ipo nchi iliyolitazama suala hili kutoka upande wa msomaji. Mwaka 1912 Marekani ilipitisha sheria kwamba gazeti linalosafirishwa kwa nauli nafuu ya posta lazima litaje wahariri wake, wamiliki wake na wenye hisa wake, na lazima maelezo hayo yachapwe ndani ya gazeti lenyewe. Pia habari iliyolipiwa iandikwe wazi kuwa ni tangazo. Watoaji walikwenda mahakamani wakidai uhuru wao umeingiliwa, na mwaka 1913 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaikubali sheria. Mpaka leo, ukishika gazeti au jarida la Marekani linalotumia nauli hiyo, toleo la mwezi wa Oktoba au karibu na hapo, utakuta tangazo la umiliki ndani yake. Hakuna waziri anayelitumia kulifungia gazeti. Msomaji analisoma, anajua, anaamua mwenyewe amwamini nani.

Basi haya ndiyo ninayoyataka, na nayasema kwa Tanzania na kwa Kenya pia. Usajili uwe wa kutoa taarifa: peleka majina, pata namba, anza kazi, na taarifa irekebishwe mwenye mali akibadilika. Dhamana ya mamilioni iondolewe. Muuzaji wa mtaani asiguswe kabisa. Daftari liwe wazi, mtu yeyote alikague bila kueleza kwa nini anataka. Kulisimamisha gazeti liwe jambo la mahakama peke yake, kwa shauri lililosikilizwa pande zote mbili. Na kila gazeti, mara moja kwa mwaka, lichapishe ndani ya kurasa zake majina ya watu, si ya makampuni, wanaolimiliki, na sehemu ya kila mmoja.

Waheshimiwa wabunge, Sheria ya Huduma za Habari mliigusa mwaka 2023 na mkapunguza baadhi ya makali yake. Leseni ya kila mwaka mliiacha. Irudieni. Na ninyi wahariri wenzangu, hili la mwisho halihitaji Bunge. Hakuna kifungu kinachowakataza kuchapisha majina ya wenye magazeti yenu kesho asubuhi. Mnawauliza wanasiasa kila siku wataje mali zao. Tajeni na ninyi wamiliki wenu, na atakayekataa kutajwa, mwandikieni msomaji kwamba amekataa.